Ngozi ya Ndama Haioshwi

Mwanangu Chebet,

Kabla ya salamu wacha nijisifu, kwa sababu salamu zinaweza kungoja lakini sifa zangu hazijui kungoja. Kutoka Subukia mpaka Naivasha hakuna mwanamume anayekamua kama mimi. Nikikohoa tu asubuhi, ng'ombe wa mzungu wanasimama wenyewe na kupanga foleni, na wale wa mwisho wanalia kwa uchungu kwamba nitachelewa kuwafikia. Niletee simba jike aliyezaa juzi, umfunge miguu ya nyuma peke yake, nitamkamua debe zima, na nikimaliza ataniuliza nitarudi lini. Hata yule fahali wetu wa pete puani amewahi kunitazama kwa macho ya kusikitika, kama mtu anayesema: ningekuwa na kitu, kaka, ningekupa.

Sasa salamu. Hujambo? Mimi sijambo, ila nina wivu. Wacha niseme mapema ili usije ukadhani ni malaria.

Nakuandikia mchana, kati ya kukamua kwa asubuhi na kukamua kwa jioni. Nimekalia mkebe wa maziwa uliopinduliwa, na penseli ni ile yako uliyokuwa ukiitafuta. Kesho lori la maziwa litakuchukua pamoja na mikebe mpaka Nakuru, na kutoka hapo utapanda gari la moshi uende Nairobi kusomea uuguzi na ukunga. Barua hii nitaitia katika mfuko wa koti la baba yako. Najua mkono wako utaingia humo gari likianza kupanda ule mlima wa baridi baada ya Naivasha. Hapo utakuwa mbali, hutaweza kushuka urudi kunipiga. Mimi si mjinga. Niliacha shule darasa la tatu, ndiyo, lakini si kwa ujinga. Niliiga mwendo wa mwalimu, na mwalimu alikuwa nyuma yangu.

Mambo ya sabuni, ya kusali, ya kujihadhari na wanaume wa mjini wenye viatu vya kung'aa, sitayagusa. Mama yangu, yaani Gogo wako, amekujaza masikio na hayo mpaka nashangaa kichwa chako bado kinapita mlangoni. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi ulikuwa ukilikunja hilo koti ulitie sandukuni. Uliinamisha uso ukanusa mkono wake, kisha ukaniuliza bila kunitazama:

"Baba Koti, ni mimi nilimsahau, sivyo?"

Nilielewa ulichouliza. Ulikuwa mtoto wa miaka kama sita baba yako alipokufa. Ulikuwa ukilinusa koti lake unamkuta humo. Halafu siku moja ukanusa, hayupo. Tangu hapo umejihesabu kuwa mtoto aliyemsahau baba yake mzazi, na umeubeba mzigo huo kama kuni mbichi, kila siku zinazidi uzito na hazikupi moto. Na mimi, hodari wa maneno, nilikujibu nini? Nilisema koti linanuka dawa ya nondo. Kisha nikatoka kwenda kuwaona ng'ombe ambao hawakuwa wameniita.

Leo nitakujibu. Lakini mkamuaji hashiki chuchu kabla hajamsemesha ng'ombe. Nipe nafasi nizunguke kidogo.

Baba yako Kipkemoi, kaka yangu, alikuwa mtu wa kuudhi sana. Mungu alipogawa urefu alimpa wake akamwongezea na wangu. Alipigana Burma akarudi mzima, na koti la jeshi la sufu lenye vifungo vya shaba, rangi yake kama mavi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Wasichana wa mashamba yote ya jirani walikuja kuomba chumvi kwa Gogo. Sijawahi kuona watu wenye haja ya chumvi namna ile. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nikiwaambia kwamba hata mimi ninajua ilipo chumvi, nao walinipita kama mtu anavyopita kigogo cha kufungia ndama.

Hayo ningeyasamehe. Lakini alinishinda hata zizini. Alikuwa mkamuaji mkuu wa shamba hili, na unajua kilichoniuma ni nini? Hakuimba. Mimi niliimba mpaka koo likakauka, niliwasifu ng'ombe mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, nikapigwa teke nikaingia kwenye ndoo. Yeye alikaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akanyamaza, na maziwa yakaja kama mvua juu ya mabati. Siku moja nikamwuliza siri. Akasema, "Ng'ombe hampendi mtu anayetaka sana kupendwa." Nilikaa wiki nzima sisemi naye. Sidhani aliona.

Na wewe ulimpenda vile vile. Mama yako alituacha siku uliyozaliwa, damu ikakataa kusimama, na baba yako akiwa bado vitani. Gogo ndiye aliyekulea mpaka alipoingia mlangoni na lile koti. Tangu siku hiyo mlitembea ndani ya koti moja, miguu minne inaonekana chini, na mtu wa mbali angedhani mzungu ameleta mnyama mpya kutoka kwao. Mimi nilikuletea matunda ya porini. Nilikuletea panzi aliyefungwa uzi mguuni. Nilikuchongea gari la mti lenye magurudumu yanayozunguka kweli. Ulipokea kila kitu kwa mikono miwili, ukasema asante, ukakimbia kwenda kumwonyesha yeye.

Kisha akafa. Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, homa ya siku chache tu, na ule urefu wote ukaisha kama mshumaa.

Kwa mila yetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimepewa mtoto kabla sijapewa ndevu. Na mtoto mwenyewe hakunitaka. Ulikaa kizingitini ukitazama njia. Uji ulikataa, maziwa ulikataa, hata ile nyama ya kichwa uliyokuwa ukiipigania. Nilicheza ngoma mbele yako. Nilijifanya kondoo, nilijifanya nyapara, nilijifanya mzungu aliyekanyaga mavi. Hukucheka. Nilianza kuogopa.

Hapo ndipo Gogo alipofanya kile ambacho amekifanya kwa ng'ombe maisha yake yote. Umeona mwenyewe jinsi ndama wa ng'ombe wa kienyeji akifa, mama yake anavyozuia maziwa. Kiwele kinajaa, kinavimba, anaumia, lakini haachii. Basi Gogo huchuna yule ndama, anaipaka ngozi chumvi, anaianika kivulini, anaijaza nyasi na kuisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe ananusa, analamba, anatoa ile sauti ya chini ya tumboni, na mara maziwa yanashuka. Nilipokuwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe wakati huo, nilitaka kumsaidia Gogo, nikaichukua ngozi niipeleke mtoni kwa sababu ilikuwa chafu. Alinifukuza na fimbo mpaka ukingoni. "Ngozi ya ndama haioshwi," alisema. "Ukiosha harufu yake, umebaki na kamba tu."

Basi Gogo alilitoa koti la baba yako msumarini akanirushia.

"Vaa."

Nikasema ni la marehemu.

"Mtoto hali. Vaa."

Nikavaa. Mikono ilinifunika mpaka vidole, pindo likaburura. Nikaja kukaa karibu nawe, sikucheza ngoma, sikusema lolote, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Ukageuza kichwa pole pole. Ukaingiza pua ndani ya mkono wa koti ukavuta pumzi mpaka mabega yako yakapanda. Halafu ukafungua mdomo, nikakulisha uji kwa kidole, ukamaliza kibuyu.

Siku hiyo ukaniita Koti. Hukuniita baba, wala jina langu. Shamba zima likachukua hilo jina, na mpaka leo hata karani anayegawa posho ananiita Koti. Nilicheka na wao. Lakini wewe ambaye kesho unakwenda kusoma habari za ndani ya mwili wa mtu, nakwambia kulikuwa na kitu ndani yangu kinachotafuna. Nilikuwa baba kuanzia kola mpaka pindo, na nikilivua tu, nilikuwa kigogo cha kufungia ndama.

Sasa turukie ile siku ya sindano, maana bila hiyo sitafika.

Ulikuwa umekuja likizo kutoka shuleni, msichana wa miaka kumi na minne, mbio nyingi na maswali mengi. Rozi alikuwa amefiwa na ndama. Unamkumbuka Rozi, mama yake wa kienyeji, baba yake dume la gredi lililokuja kwa meli. Maziwa alirithi kwa baba na moyo kwa mama, kwa hivyo alizuia. Gogo alitaka kutengeneza ngozi, memsahib, mke wa mzungu, akakataa, ati nzi, ati harufu, hii ni dairi si bucha. Basi nikajitokeza mimi. Nilisema mbele ya wakamuaji wote kwamba nitamwimbia Rozi na atamwaga mpaka mikebe ikimbie. Niliimba asubuhi, niliimba jioni, nikaimba na wimbo wa kanisani. Rozi alitafuna majani akitazama mlima. Kiwele kilikuwa kigumu kama ngoma.

Akaja daktari wa ng'ombe, yule mzungu mnene wa suruali fupi. Nikamwelezea jinsi ninavyoendelea vizuri. Akasema, "Wewe hapana imba sasa. Simama kule." Akatafuta mshipa wa shingo, akadunga sindano, akakaa akatoa kiko chake. Hata hakukiwasha, Chebet. Kabla hajapata kiberiti, maziwa yalianza kudondoka yenyewe kutoka kwenye chuchu zote nne, chini, bila mkono wa mtu.

Nimewahi kumwonea wivu mtu mrefu, na mtu aliyepata baiskeli, na kaka yangu. Ile ilikuwa siku ya kwanza kuionea wivu chupa.

Na wewe ukasogea. Ulimwuliza daktari ndani ya chupa mna nini. Mimi nimekuwa nikimfungulia mlango mtu huyo miaka mingi na hajawahi kunijibu zaidi ya "pisha", lakini wewe alikujibu. "Hii dawa natoka kwa kichwa ya ng'ombe nyingine, ile ya kuchinja. Iko tezi dogo chini ya ubongo." Akachukua chaki ya kuandikia mikebe akakuchorea kichwa cha ng'ombe kwenye mlango, na ndani yake akaweka nukta. Mkaukodolea mchoro nyote wawili kama watu wanaosoma wosia. Mimi nilikuwa namkamua Rozi, maziwa yanakuja kama mto, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.

Likizo iliyofuata ulikuja na kitabu. Jioni ukanisomea, nami nikajifanya najua tayari. Sikuwa najua. Sasa nakiri, kwa vile uko mbali. Lakini nilisikiliza kwa bidii kuliko nilivyomsikiliza mwalimu yeyote, na naweza kukurudishia yote, sikiliza.

Ulisema tezi hiyo inaitwa pituitari. Nikasema hilo ni jina la mfungwa wa vita wa Kitaliano, mmoja wa wale waliojenga barabara ya mteremko. Ulisema imekaa nyuma ya mzizi wa pua, ndani ya kishimo cha mfupa kama yai kiotani, na haizidi punje ya haragwe. Mtu anayo, ng'ombe anayo, hata panya. Na punje hiyo ni kama nyapara. Ubongo ndio bwana mkubwa, haushuki zizini kukanyaga mavi; unamnong'oneza nyapara, na nyapara anatuma wajumbe ndani ya damu. Wajumbe hao ndio kitabu kinawaita homoni. Mmoja anaifanya mifupa ya mtoto irefuke. Mwingine anakwenda kwenye tezi ya shingo inayowasha mwili moto, mwingine kwenye zile tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, mwingine kwenye vifuko vya mayai ya mwanamke. Mmoja anakiambia kiwele kitengeneze maziwa. Mwingine, ambaye si huyo, anakiambia kiachie.

Na nyapara huyu ana masikio, ulisema. Tezi ya shingo ikishatoa ya kutosha, yeye anaionja damu, anajua, anapunguza sauti. Nikakwambia nyapara anayenyamaza kazi ikitosha hajawahi kuajiriwa katika shamba hili.

Ulicheka. Nilihesabu kicheko kile kuwa changu mimi, si cha koti.

Kisha ukasoma habari ya woga. Ng'ombe akitishwa, zile kofia za figo zinamwaga maji ya woga ndani ya damu, na mlango wa maziwa unafungwa hata nyapara apige kelele namna gani. Ndiyo sababu mkamuaji mwenye fimbo anarudi na ndoo nyepesi. Ukafunga kitabu, ukanitazama, na ukasema lile neno.

"Kwa hivyo si wimbo wako, Baba Koti."

Ukaona uso wangu ulivyoanguka, ukaharakisha kuongeza kwamba tezi haina masikio yake yenyewe, inasikia kwa masikio ya ng'ombe na kunusa kwa pua yake, kwa hivyo labda ni wimbo wangu unaoiamsha. Ulinihurumia. Niliona. Nilichukia kuhurumiwa na mtoto niliyemlisha uji kwa kidole, na wakati huo huo ningetaka uendelee mpaka asubuhi.

Usiku huo niliifikiria ile ngozi ya ndama. Ng'ombe si mjinga, anaona ni nyasi. Macho yanajua. Lakini harufu inaingia puani, inapanda kwa bwana mkubwa, bwana anamgusa nyapara, na nyapara anamtuma mjumbe kabla macho hayajapata nafasi ya kubisha. Gogo hakujua neno pituitari. Daktari hakujua habari ya ngozi. Mimi peke yangu katika bonde lote la Subukia nilikuwa nimeona vyote viwili, sindano na ngozi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshafanya nilichofanya.

Nakuja. Usiruke mistari.

Ulipotuambia unataka kuwa mkunga, ulisema ni kwa sababu dawa ile ile iliyomfungua Rozi inaweza kuubana mji wa mimba wa mwanamke aliyezaa na damu ikasimama. Hukumtaja mama yako. Gogo alitoka nje kupangusa macho. Mimi nilibaki ndani, na unajua nilichofikiria? Nilifikiria: anakwenda kwa ajili ya mama ambaye hakumwona hata siku moja. Anabeba koti la baba aliyekaa naye miaka miwili mitatu. Je, mimi anabeba nini changu? Hivyo ndivyo nilivyo, mwanangu. Watu wengine wakiwa na wivu huwaonea walio hai. Mimi nimezidi, nimepigana na marehemu wawili, chupa na punje ya haragwe, na wote wamenishinda.

Na sasa namwonea wivu yule matroni, mkuu wa wauguzi huko Nairobi, ambaye sijamwona. Yeye atakuona ukivaa kofia nyeupe. Atakugombeza, na utamwogopa, na utanisahau mimi ambaye sijawahi kuogopwa hata na kuku. Mwambie kwenu kuna mtu anayekamua simba.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia bei kubwa. Wivu ni kama mkamuaji mwenye fimbo. Anataka maziwa kweli, tena anayataka kuliko wote, ana kiu ya haki kabisa. Lakini akikaribia tu, mlango unafungwa, naye anasema ng'ombe ndiye mbaya. Baba yako aliniambia hivyo kwa maneno machache nikiwa bado na nafasi ya kumsikia. Nilinuna badala yake.

Haya. Kiwele kimelainika. Wacha nishike chuchu.

Ilikuwa miezi kadhaa baada ya mazishi. Ulikuwa umeanza kula vizuri, hata kucheza. Siku hiyo jua lilikuwa kali, koti nimeliacha msumarini, niko karibu na dipu la kuogeshea ng'ombe nikiwahesabu ndama. Wewe ulikuwa ukikimbia na watoto wa wakamuaji, ukaanguka juu ya jiwe, goti likachanika. Nilisikia kilio chako nikatupa fimbo. Nikapiga magoti katika vumbi, nikafungua mikono yote miwili. Na wewe ukainuka ukaja mbio upande wangu, unalia, na mimi nikasema moyoni: leo. Leo ni mimi.

Ukanipita. Ulikimbia mpaka nyumbani, ukalivuta koti likaanguka, ukaingia ndani yake ukalilia humo. Mimi nilibaki na mikono wazi kama mtu anayepima kitambaa. Wenzangu waliona. Mmoja akasema, "Koti, umeshindwa na nguo yako mwenyewe." Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wao, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Kesho yake ulikwenda na Gogo kutafuta kuni. Nilichota maji ya moto ya dairi, na ile soda tunayooshea mikebe, inayotoa mafuta ya maziwa hata kwenye pembe za bati. Nililitumbukiza koti. Usije ukasema lilikuwa chafu, au nilitaka kusaidia kama siku ile ya mtoni. Nilijua. Mtoto wa Gogo hawezi kusema hakujua. Nililisugua kola, nikasugua makwapa, nikaigeuza mikono ndani nje nikasugua pale hasa ulipokuwa ukiweka pua. Maji yalitoka rangi ya chai. Nikayamwaga nikatia mengine, na mengine, mpaka yakatoka meupe. Yale maji ya chai alikuwa kaka yangu. Yaliingia ardhini nyuma ya dairi, pale panapoota majani marefu.

Nikalianika juu ya seng'enge. Gogo alirudi na mzigo wa kuni mgongoni, akaliona likidondosha maji. Hakuutua mzigo. Alisimama vile vile, ameinama, akaniuliza:

"Tangu lini ngozi ikaoshwa?"

Hajaniuliza tena mpaka leo, wala hajakwambia. Alikuachia wewe baba mmoja wa kumwamini, hata kama ndiye mimi.

Jioni nikalivaa, bado lina unyevu. Nilifikiri, sasa hakuna mwingine ndani humu, atanipata mimi. Ulikuja ukaingiza pua katika mkono. Ukanusa kola. Ukanusa mkono wa pili. Kisha ukarudi nyuma ukanitazama usoni kama mtu aliyekosea nyumba, ukaanza kujipiga kichwani kwa ngumi yako ndogo, ukisema umempoteza, umempoteza. Nilikuwa na mdomo. Wewe unaujua mdomo wangu. Ningeweza kusema neno moja tu ukaacha kujipiga. Nilikushika mikono, nikakuimbia.

Mwaka ule hukurefuka, gauni lako halikuwa fupi kwako. Gogo alikuwa amelishona na pindo kubwa la kuteremsha, halikuteremshwa. Kitabu chako hakikusema lolote kuhusu watoto wenye huzuni na yule mjumbe wa mifupa, hiyo ni hesabu yangu ya darasa la tatu. Lakini kila nikikuona ukinyoosha mkono usifike kwenye rafu, ninaifanya hesabu hiyo upya.

Hukumsahau baba yako, Chebet. Pua yako ilikuwa nzima, na moyo, na ile punje ya haragwe ilikuwa macho, inangoja harufu yake. Alikuwemo humo, angekaa miaka. Mimi ndiye niliyemwosha.

Koti